Saratani na njaa yake ya asidi amino: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mzazi anayeuguza mtoto mwenye saratani ya damu husikia mengi kwa siku moja. Daktari anamwambia mtoto ataanza dawa ya asparajinasi, jirani anamshauri amwachishe nyama na mayai, na kwenye simu kuna mtu anauza unga wa protini. Mambo haya matatu yanahusu jambo moja, yaani namna seli za saratani zinavyotumia asidi amino. Msimamo wangu nautaja mapema: njaa ya saratani ni ya kweli na inaweza kutumiwa kuiua, lakini kazi hiyo hufanywa na dawa ndani ya damu. Sahani ya mgonjwa isiguswe.

Asidi amino ni nini, na saratani inazitakia nini?

Ni viungo vidogo vinavyounganishwa kujenga protini. Mwili wa binadamu hutumia aina 20. Tisa kati yake hatuwezi kuzitengeneza, lazima tuzile: histidini, isolusini, lusini, lisini, methionini, fenilalanini, threonini, triptofani na valini. Zilizobaki mwili hujitengenezea, ingawa tunazipata pia kwenye chakula.

Umetaboli wa asidi amino ni shughuli nzima ya kuzijenga, kuzivunja na kuzigeuza kuwa vitu vingine. Seli ya saratani hugawanyika bila breki, na kila inapogawanyika inahitaji malighafi ya seli nzima mpya. Protini ni sehemu tu ya malighafi hiyo. Naitrojeni ya glutamini, mojawapo ya asidi amino hizo, huingia kwenye DNA. Serini hutoa kaboni moja moja zinazotumika kuunda sehemu za DNA hiyo hiyo. Sisteini, glutamati na glaisini huungana kuwa glutathioni, kinga ya seli dhidi ya madhara ya oksijeni. Ndiyo maana uvimbe unaokua haraka hufyonza asidi amino kutoka kwenye damu kwa kasi ambayo tishu nyingi za kawaida hazina.

Mbona siku zote tunaambiwa saratani hula sukari?

Kwa sababu ndicho kilichoonekana kwanza. Katika miaka ya 1920 Otto Warburg, mwanasayansi wa Ujerumani, alionyesha kuwa uvimbe hutumia glukosi kwa wingi na kutoa asidi ya laktiki hata pale oksijeni inapotosha. Kipimo cha PET kinachotumika leo kusaka saratani mwilini kimejengwa juu ya ugunduzi huo.

Lakini sukari si hadithi yote. Mwaka 1955 Harry Eagle, huko Marekani, aliorodhesha kile ambacho seli za binadamu zinahitaji ili zikue kwenye chupa ya maabara, na glutamini ikatokea kuhitajika kwa kiasi kikubwa kuliko asidi amino nyingine. Kisha mwaka 2016 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walifuatilia kaboni inakotoka katika seli zinazogawanyika, wakakuta kwamba sehemu kubwa ya uzito wa seli mpya hutokana na asidi amino, ingawa glukosi ndiyo inayotumika kwa kasi zaidi. Glukosi nyingi huchomwa na kutolewa nje. Asidi amino hubaki ndani zikawa mwili wa seli.

Je, ipo dawa inayoitumia njaa hii?

Ipo, na imeokoa maisha ya watoto wengi sana. Ni asparajinasi, kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia) kinachovunja asidi amino iitwayo asparajini iliyomo ndani ya damu na kuigeuza kuwa aspartati na amonia. Hutumika kutibu leukemia kali ya limfu, saratani ya damu inayowapata watoto kuliko nyingine zote, sambamba na vinkristini, dawa za jamii ya steroidi na nyinginezo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hakupona hata mtoto mmoja kati ya kumi. Leo, katika nchi tajiri, takribani tisa kati ya kumi wanapona. Asparajinasi peke yake haikuleta mabadiliko hayo, ila ni miongoni mwa nguzo zake, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu.

Inaiuaje leukemia bila kumuua mtoto?

Asparajini haimo katika zile tisa za lazima. Seli nyingi za kawaida zina kimeng'enya cha kuitengeneza kutokana na aspartati na glutamini, kwa hiyo ikitoweka kwenye damu zinajitengenezea. Seli nyingi za leukemia ya limfu zina kimeng'enya hicho kidogo mno. Seli ya kawaida ni kama mtu mwenye jiko lake nyumbani; seli ya leukemia hula kwa mama ntilie kila siku, na asparajinasi imekuja kumfungia mama ntilie. Protini hazijengeki tena, seli inasimama, kisha inakufa.

Hapa ndipo penye uzuri wa dawa hii. Inapiga upungufu ambao seli za saratani zinao na seli nyingi za mwili hazina, jambo ambalo watafiti wa asidi amino nyingine wamelitafuta kwa miongo mingi bila kulipata kwa usafi huu.

Iligunduliwaje?

Kupitia simbilisi, yule mnyama mdogo anayefugwa sana Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Mwaka 1953 John Kidd wa Chuo Kikuu cha Cornell, jijini New York, aliripoti kuwa panya waliopandikizwa saratani ya limfu walipona baada ya kudungwa seramu ya simbilisi, yaani maji ya damu yaliyobaki baada ya kuondoa seli. Seramu ya farasi haikufanya kitu. Ya sungura nayo haikufanya kitu. Kidd alijua ameona jambo zito, ila hakujua ni kitu gani ndani ya seramu kilichofanya kazi hiyo.

Jibu lilikuwa limeshaandikwa nusu, zamani na mahali pengine. Mwaka 1922 Clementi alikuwa ameonyesha kwamba damu ya simbilisi ina asparajinasi. Mwaka 1956 Neuman na McCoy wakakuta aina fulani ya seli za saratani ambazo hazikui maabara bila kupewa asparajini. John Broome ndiye aliyeunganisha nyuzi hizo mwaka 1961: kilichowaponya panya ni asparajinasi. Alionyesha pia kwamba seli zilizozoeshwa kuishi bila asparajini haziuawi tena na seramu ile, onyo la mapema kuhusu usugu tunaouona hadi leo.

Simbilisi mmoja hutoa damu kidogo, kwa hiyo tiba isingefika mbali kwa njia hiyo. Mwaka 1964 Mashburn na Wriston walionyesha kuwa asparajinasi ya bakteria E. coli nayo inaua uvimbe, na bakteria wanaweza kukuzwa kwa mapipa. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 1978. Ile iliyofungwa kwenye molekuli za PEG ili ikae mwilini muda mrefu iliidhinishwa huko mwaka 1994.

Sindano yenyewe ikoje, na kwa nini inakaa kwenye friji?

Ile ya asili, yaani isiyofungwa kwenye PEG, huja kama unga mweupe mkavu kwenye kichupa kidogo, mara nyingi chenye yuniti 10,000, na hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ni protini, na protini huharibika kwa joto. Ukimwona muuguzi anakizungusha kichupa taratibu kiganjani badala ya kukitikisa kwa nguvu, usidhani anachelewesha: ikitikisika sana hutoa povu na nguvu yake hupungua. Inapochomwa msulini, mara nyingi huwa pajani, na ikiwa dawa ni nyingi hugawanywa sehemu mbili ili paja moja lisipokee zaidi ya mililita 2. Baada ya hapo mtoto anabaki kituoni kwa muda wa saa moja hivi akiangaliwa. Usimchukue na kukimbilia daladala kabla muda huo haujaisha.

Ya asili hurudiwa mara kadhaa kwa wiki. Ile ya PEG hukaa mwilini wiki kadhaa, kwa hiyo sindano huwa chache, lakini bei yake ni kubwa zaidi. Yuniti za aina moja hazibadilishwi kwa yuniti za aina nyingine. Ukiletewa kisanduku chenye jina tofauti na la wiki iliyopita, uliza kabla ya sindano.

Mtoto alipata mzio. Je, apewe dawa ya mzio na kuendelea?

Hilo ni la daktari kuamua, lakini elewa kinachoendelea. Dawa hii imetoka kwa bakteria, na kinga ya mwili huitambua kuwa ni kitu kigeni. Kingamwili zinapojitokeza, mtoto anaweza kuvimba, kutokwa na vipele au kubanwa kifua, na mara nyingi dawa yenyewe huwa imekwisha kuzimwa. Kumpa dawa ya kutuliza mzio na kuendelea na sindano ile ile kunaweza kuficha dalili huku leukemia ikiendelea kula. Katika hali hiyo hubadilishiwa asparajinasi ya bakteria mwingine, Erwinia, iliyotengenezwa kwanza katika kituo cha utafiti cha Porton Down huko Uingereza. Toleo lake jipya, Rylaze, liliidhinishwa Marekani mwaka 2021.

Kuna pia kuzimika kimyakimya: mtoto haonyeshi dalili yoyote, lakini dawa haifanyi kazi. Hospitali zenye uwezo hupima nguvu ya kimeng'enya kwenye damu. Kupima asparajini yenyewe ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu dawa huendelea kuivunja ndani ya kichupa cha damu baada ya kutolewa mkononi.

Dalili gani zinanitaka nirudi hospitali usiku huo huo?

Maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya mgongoni pamoja na kutapika: kongosho linaweza kuwa limevimba. Kichwa kinachouma isivyo kawaida, degedege, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili: damu inaweza kuwa imeganda kichwani. Mguu au mkono uliovimba upande mmoja. Macho ya manjano. Kiu kali na kukojoa sana, kwa sababu sukari inaweza kupanda.

Sababu ya mambo haya ni ile ile ya tiba. Ini hujenga protini zinazosawazisha kuganda kwa damu, na kongosho hujenga insulini. Asparajini ikikosekana, kazi zote hizo hulegea.

Basi nimwachishe nyama, mayai na maharage ili saratani ife njaa?

Hapana. Swali hili nalijibu kwa urefu kwa sababu nimeona watoto wakiletwa wodini wamekonda kwa upendo wa wazazi wao.

Asparajini imo kwenye nyama, kuku, samaki, mayai, maziwa, maharage, karanga na viazi. Ukiondoa vyote hivyo umeondoa karibu kila kinachomjenga mtoto. Na bado hujaiondoa kwenye damu, kwa sababu mwili utaitengeneza. Asparajinasi nayo, ikiwa inafanya kazi sawasawa, huvunja asparajini inayoingia kwenye damu, iwe imetoka kwenye ini au kwenye yai la asubuhi. Kwa maneno mengine, kile ambacho mzazi anajaribu kukifanya kwa sahani, sindano imeshakifanya kwa ukamilifu ambao sahani haiwezi kuufikia.

Kinachobaki ni hasara. Mtoto mwenye utapiamlo huvumilia dawa vibaya, hupata maambukizi kwa urahisi, na dozi zake huahirishwa. Dozi iliyoahirishwa huipa leukemia nafasi. Mpe uji wa ulezi wenye karanga zilizosagwa, yai lililochemshwa likaiva hadi kiini, samaki, dagaa walioiva vizuri, maharage yaliyolainika, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku kama hamu imepotea. Cha kuepuka ni vitu vibichi: maziwa yasiyochemshwa, kachumbari ya barabarani, matunda yasiyooshwa, maana kinga yake iko chini. Iwapo vipimo vitaonyesha mafuta ya damu yamepanda au kongosho limeguswa, daktari atakuelekeza kupunguza mafuta, na hapo ufuate maelekezo yake.

Vipi kuhusu kufunga? Si kunainyima saratani chakula?

Mwili ukikosa chakula huvunja misuli yake ili asidi amino ziendelee kuwamo kwenye damu. Glutamini na alanini hutiririka kutoka kwenye misuli, na uvimbe huzichukua kama wengine wote. Mgonjwa hudhoofika na uvimbe hupata mahitaji yake. Kukonda huku kwa wagonjwa wa saratani ni hatari kubwa, na wengi hufa wakiwa wamedhoofishwa nako.

Kwa Mwislamu aliye kwenye matibabu, Qur'ani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na mtoto asiyebaleghe hana faradhi ya kufunga. Mtu mzima anayetamani kufunga azungumze kwanza na daktari wake na imamu wake.

Nilisoma kwamba mboga ya asparagasi husambaza saratani ya matiti. Ni kweli?

Habari hiyo ilitokana na utafiti wa mwaka 2018 ulioongozwa na watafiti wa Cambridge. Panya wenye aina kali ya saratani ya matiti walipopunguziwa asparajini, kwa dawa au kwa chakula maalumu cha maabara, saratani ilisambaa kidogo zaidi kwenda sehemu nyingine. Uvimbe wa awali haukupungua. Jina la asparajini limetokana na mmea huo, ambamo ilipatikana mara ya kwanza nchini Ufaransa mwaka 1806, na magazeti yakakimbilia mmea. Utafiti ulikuwa wa panya. Hakuna binadamu aliyethibitishwa kupona kwa kuacha mboga hiyo.

Glutamini nayo? Si ndiyo inayoliwa zaidi?

Ndiyo, na hapa Afrika Mashariki imo ndani ya simulizi. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto wa Uganda, unaoweza kukua maradufu kwa siku chache tu. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walikuta ndani ya seli za uvimbe huo virusi vinavyoitwa Epstein-Barr hadi leo. Baadaye ikajulikana kuwa katika saratani ya Burkitt jeni ya MYC, iliyo kwenye kromosomu ya 8, huhamishwa na kuwashwa bila kuzimika. Kati ya mwaka 2008 na 2009 watafiti walionyesha kuwa MYC huiamuru seli ifyonze na kuvunja glutamini kwa wingi, kiasi kwamba seli zenye MYC nyingi hufa zikinyimwa glutamini.

Ungetarajia dawa ya kuzuia glutamini ishangaze dunia. Haijafanya hivyo. DON, iliyojaribiwa tangu miaka ya 1950, iliumiza mno utumbo. Telaglenastati, iliyolenga kimeng'enya kimoja tu cha glutamini, iliongezwa kwenye tiba ya saratani ya figo, na matokeo ya mwaka 2021 hayakuonyesha faida. Utando wa utumbo na seli za kinga nazo hutegemea glutamini. Uvimbe nao, ukifungiwa mlango mmoja, mara nyingi hufungua mwingine.

Mbona mama yangu mwenye saratani ya matiti hapewi asparajinasi?

Kwa sababu saratani nyingi za viungo zina kimeng'enya cha kujitengenezea asparajini. Isipokuwa saratani moja ya limfu inayoanzia puani, ya seli za kinga ziitwazo NK na T, ambayo hutibiwa kwa mchanganyiko wenye asparajinasi.

Wazo lenyewe limejaribiwa kwa arjinini. Baadhi ya saratani za ngozi, ini na utando wa mapafu hazina kimeng'enya cha ASS1 cha kuitengeneza. Kimeng'enya kinachoivunja, pegarjiminasi, hakikusaidia katika saratani ya ini. Katika saratani ya utando wa mapafu ya aina kali, kiliongezwa kwenye tiba ya kawaida na wagonjwa wakaishi wastani wa kati wa miezi 9.3, dhidi ya miezi 7.7 ya wasiokipata. Hatua ndogo, lakini kwa ugonjwa ule ni hatua. Kwa triptofani, dawa ya epakadostati iliyotazamiwa kuamsha kinga ilishindwa mwaka 2018 katika saratani ya ngozi ya melanoma.

Niko kwenye tiba. Ninunue unga wa glutamini au wa protini wa watu wa jimu?

Kama unakula vizuri, huuhitaji. Kama huli vizuri, muone mtaalamu wa lishe wa hospitali akupimie. Usitumie kopo lililotangazwa kuwa linatibu saratani.

Mtoto amemaliza asparajinasi. Kwa nini bado anameza methotreksati kila wiki?

Kwa sababu seli chache zilizojificha huhitaji muda mrefu kuisha. Tiba ya kuendeleza huchukua miaka miwili au zaidi: merkaptopurini kila siku na methotreksati mara moja kwa wiki. Mara moja kwa wiki, rafiki yangu mzazi. Ikimezwa kila siku kwa makosa inaweza kuua, kwa hiyo chagua siku, iandike ukutani, na kila anayemlea mtoto aijue.

Methotreksati nayo inagusa asidi amino. Serini hutoa kaboni yake kwa folati (vitamini ambayo asidi ya foliki ni aina yake), folati huipeleka kwenye DNA, na methotreksati huvunja mnyororo huo. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston aliripoti watoto 16 wenye leukemia waliopewa aminopterini, ndugu mkubwa wa methotreksati, na 10 wakapata nafuu ya muda. Alifika hapo baada ya kuona kwamba asidi ya foliki ilionekana kuichochea leukemia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 methotreksati ikatumika pia kwa watoto wa Afrika wenye saratani ya Burkitt, na mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilichoanzishwa Kampala kikawa chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Kwa hiyo vile vidonge vya foliki vinavyouzwa kila duka la dawa kwa ajili ya upungufu wa damu, usimnunulie mtoto bila kuuliza. Akionekana mweupe viganjani, mpeleke apimwe damu kwanza. Na ukipewa Septrin, folikasidi au dawa yoyote na zahanati nyingine, waonyeshe kadi ya mtoto ya saratani na piga simu wodini kabla hajameza kidonge cha kwanza.